Miaka ya Mwalimu Mbithi Isiyokuwa Ugonjwa

Mchungaji, wazee, majirani na jamaa mliotoka mbali, mimi Kaluki, dada yake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma kama ilivyokuwa.

Mwalimu Mbithi Muthoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Mwala, na mwaka 1959 wazazi wetu walihamia hapa Bongwe. Alisoma shule ya msingi Ukunda, sekondari Mombasa, kisha chuo kikuu Nairobi, ambako alipata shahada ya pili ya hisabati mwaka 1977, na kuanzia Januari 1978 alifundisha chuoni Mombasa. Alifunga ndoa na Syovata tarehe 12 Aprili 1980, wakajaliwa watoto wawili, Musyoki na Kavenya.

Tarehe 31 Agosti 1995 aliacha kazi. Kamati ya mazishi imeniletea karatasi nisome kwamba ugonjwa ulianzia hapo, ili watu wasiulize maswali. Sitasoma hivyo, maana aliacha ili afuate swali moja la hisabati.

Kila mtu anajua kwamba sumaku ikichomwa sana hupoteza nguvu yake, tena ghafla, lakini kujua si kuthibitisha. Marehemu aliwazia chembe za sumaku zilizopangwa kwa mistari kama mikorosho shambani, nyingine zikiwa zimeng'oka, kila moja ikiangalia jirani zake tu na kuelekea juu au chini, akauliza kama, baridi ikizidi, ile ya katikati itafuata zile za ukingoni, hata shamba liwe kubwa namna gani. Alipanga uani kunde kwa zinazoelekea juu na mahindi kwa zinazoelekea chini, akachora kwa majivu kila mstari unaoweza kuzitenga zinazopingana, mpaka akathibitisha kwamba mistari hiyo, kwa wingi wake wote, haitoshi kuvunja mapatano.

Wapita njia walisema Mwalimu anacheza bao peke yake, na jirani yetu bwana Waziri alikuwa akimwuliza kama leo amejifunga mwenyewe. Hakuacha, hata zile wiki za Agosti 1997, watu wa bara walipokuwa wakishambuliwa huku Pwani na bwana Waziri akatuficha sote nyumbani kwake, maana huko nako aliomba kunde.

Alimaliza tarehe 17 Novemba 1997. Wataalamu wawili wa ng'ambo walitafuta kosa, wakapata moja, akalirekebisha, wakatafuta tena, wakakosa, na Juni mwaka huu kazi ikachapishwa kwa jina lake.

Ugonjwa wa figo ulianza tarehe 9 Februari 1998, si kabla, na alifariki Msambweni alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 1998.

Twawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, bwana Waziri na mkewe Bi Mwanatumu, na kamati pia, ambayo karatasi yake tunairudisha kama ilivyokuja.

Mwalimu, tarehe zako zimesomwa zote, pumzika kwa amani.