Alhamisi za Marehemu Kuwabara Shizue Pale Makumbusho

Marehemu Kuwabara Shizue alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika kijiji cha Kamisawa, mkoani Nagano, akiwa kitinda mimba wa Mzee Misawa, mcheza ngoma ya simba.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1947 hadi 1956. Akaingia karakana ya baba yake mdogo kutengeneza karatasi, kazi aliyoifanya mpaka 2001.

Mwaka 1964 alifunga ndoa na Kuwabara Eikichi, seremala. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1988 familia ilikitoa kinyago cha simba alichokivaa Mzee Misawa ngomani kwa makumbusho ya kijiji. Kiliwekwa juu sana ukutani. Aprili 2011 kikashushwa kwenye kabati la kioo, marehemu akainama kukitazama. Utotoni aliwahi kuking'ata kidevuni, akaacha alama ya meno. Sasa alama hiyo haikuwepo.

"Hiki si cha baba," alimwambia mtunzaji, Bwana Nozawa. "Chetu umekipeleka wapi?"

"Mama, ndicho hicho hicho mlicholeta."

Tangu hapo, kila Alhamisi alikwenda kuchunguza. Aliandika majina ya wenye funguo. Wageni wenye mabegi makubwa aliwafuata nyuma nyuma. Chai ya shayiri aliyokaribishwa na Nozawa hakuigusa hata tone, kwa miaka kumi na miwili.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Akausia: "Nozawa asikanyage msibani kwangu."

Mzee Eikichi aliweka kikombe chini. "Mwache Nozawa wa watu. Kinyago nilikiangusha mimi, siku chache kabla ya kukipeleka. Kikapasuka. Nikachonga kingine, vipande nikavichoma."

"Na ukaniacha nimwite mwizi?"

"Kila Alhamisi nilisema leo nitakwambia. Ukirudi umefura, naogopa."

Siku tatu hakumsemesha. Ya nne aliomba asukumwe kwenye kiti cha magurudumu hadi makumbusho. Akainamisha kichwa mbele ya Nozawa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Inuka, Mama," alisema Nozawa. "Mgeni gani mwingine angenijia hata kwenye theluji?"

Siku ile alikunywa chai, akaomba kibao cha maelezo ya kinyago kiandikwe upya: *Kimechongwa na Kuwabara Eikichi, 1988.*

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Januari 2024, nyumbani.

Ameacha mume, mabinti Noriko na Fumie, na wajukuu watatu. Bwana Nozawa yupo nasi, ameketi kando ya Mzee Eikichi.

Alale pema, moyo wake ukiwa hauna shaka na mtu.