Nilidhani Ananirudisha Qurum

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme yaliyonikuta, nami nimekubali kwa sharti moja: simtaji mtu kwa jina. Wengine bado wako hapahapa Maskati, na mimi bado nina woga wangu, msinicheke.

Mimi kwetu Kondoa. Aliyenileta Oman ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mama aliyekuwa akija kwetu kula ugali wa mama yangu huku akiniita "mwanangu". Aliniambia nakwenda kulea mtoto mmoja, nyumba moja. Nilipofika Qurum nikakuta nyumba tatu: ya bosi, ya mama yake na ya dada yake, na khadama wa zote ni mimi. Asubuhi napiga deki huku, mchana napelekwa kule. Simu yangu ilifungiwa kabatini kwa madamu, mke wa bosi. Mama yangu akaugua, nyumbani wakapiga, sikuambiwa. Nilipokuja kujua, alikuwa ameshazikwa.

Ijumaa iliyofuata, wanaume wako msikitini, nilishika mfuko wa taka kama naenda kuutupa. Nikautupa kweli, kisha nikanyoosha njia. Pasipoti ikabaki kwao, na bosi, kafili aliyenidhamini kwenye karatasi, akapeleka balagh, yaani akaripoti kuwa nimetoroka.

Anayejua anajua. Gari likipunguza mwendo nyuma yako, unaingia duka lolote lililo karibu. Nilijificha hapa Hail kwenye chumba cha wasichana wenzangu, napika vitumbua na sambusa za shughuli za watu. Sikumwamini hata niliyelala naye kitanda kimoja. Aliponiuliza kwetu wapi, nilimwambia Mombasa, nami Mombasa sijawahi kukanyaga.

Kati ya wateja wangu alikuwepo bibi mmoja Muomani, kazaliwa na kukulia Unguja. Alivipenda vitumbua vyangu. Siku moja nimempelekea sahani, akanishika mkono.

"Mwanangu, kafili wako nani?"

Ndugu zangu, nawaambieni, neno lile "mwanangu" lilinisisimua mwili mzima. Nikajibu, "Nakaa na dada yangu."

"Sikukuuliza unakaa na nani. Nnakuuliza karatasi zako."

Nikamwambia nimeacha kitu jikoni. Sikurudi kwake tena. Nilihama hata chumba, nikaenda Rusayl kuwapikia vijana wa viwandani. Nikajisemea, huyu bibi ana mtu anayempelekea habari. Mbona anauliza kama askari?

Akanifuata Rusayl! Alikuwa ameulizia kwa kila anayejua Kiswahili: yuko wapi yule wa vitumbua. Nami najiuliza, nani anamtafuta mtu hivi kama si kwa kumkamata? Nilifungua mlango kidogo, nikauzuia kwa mguu.

"Nani kakutuma?"

"Hapana alonituma. Serikali imetoa nafasi kwa wasio na karatasi. Ukitaka kurudi kwenu, utarudi salama. Ukitaka kukaa, binti yangu anataka mpishi, akuandike kwake. Lakini yule kafili wako kwanza aiondoe balagh na akuachie."

"Na wewe unapata nini?"

Akacheka. "Vitumbua."

Mimi sikucheka. Mtu asiyetaka kitu ndiye wa kuogopwa, ndivyo nilivyoamini. Alikuja tena, nikamkatalia. Aliporudi mara nyingine nikakubali, na msidhani nilikuwa nimemwamini. Nilikuwa nimechoka, nikamtajia kafili, nyumba yake na msiba wa mama. Kabla sijapanda gari lake nilipiga picha namba zake kwa kisimu nilichokuwa nimenunua, nikamtumia dada yangu Kondoa: "Nikipotea, anzeni na gari hili."

Alikuwa ameniambia tunakwenda kuzungumza na mtu wa karatasi. Gari likakata kona kuelekea Qurum. Likaingia mtaa ninaoujua, likasimama kwenye geti ninalolijua, geti nililoliosha mwenyewe. Nikauvuta mlango wa gari kwa mikono miwili, kumbe umefungwa.

"Umeniuza!" nikapiga kelele. "Umeniuza, bibi!"

Akazima gari. "Ningekwambia, ungekuja?"

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alifungua milango yote, akaniwekea funguo za gari mapajani. "Ukitaka kwenda, nenda. Mimi nnaingia kuzungumza nao."

Nilikaa na zile funguo. Miguu inasema kimbia. Lakini nikataka kusikia ananiuza kwa maneno gani, ili siku moja niyasimulie. Nikashuka, nikasimama nyuma ya gari.

Madamu alitoka mwenyewe hadi getini, na maneno yalikuwa makali. Kiarabu cha ndani ya nyumba nilikuwa nakijua vizuri. Alimwambia yule bibi, wewe ndiye uliyemtorosha mfanyakazi wangu. Wewe ndiye unayewaficha hawa. Nitakuitia polisi. Bibi wa watu, umri wa mama yake, kasimama juani anatukanwa kwa ajili yangu.

Hakupandisha sauti. Alijitaja jina lake, la baba yake na la kabila lake, akasema nyumba yake iko Hail, waje na polisi wakitaka. Kisha akasema, "Huyu binti alifiwa na mama yake ndani ya nyumba yako, na hukumwambia. Namdhamini mimi. Nakuomba umwachie."

Madamu akatazama nyuma ya gari, akaniona. Hakuniomba radhi, sitawadanganya. Aliingia ndani, akakaa sana, akarudi na pasipoti yangu. Mumewe aliiondoa balagh na kusaini karatasi ya kuniachia.

Hapo ndipo nilipolia, pale pale barabarani.

Yaliyofuata mnayajua: vipimo vya afya, alama za vidole, foleni, njoo kesho. Nilipopewa bataka yangu, kitambulisho cha ukaazi, bado sikuamini. Niliipeleka kwenye duka la kupiga chapa, nikamwambia yule kijana anisomee Kiarabu chake. Akasoma jina langu, jina la baba yangu, jina la binti wa bibi. Akanirudishia. "Ni yako hii, dada."

Baadaye nilimuuliza bibi kwa nini alihangaika. Akasema, "Sisi tulikuja hapa kutoka Unguja hatuna kitu. Kiarabu chetu wakikicheka. Mzee mmoja alisimama mbele ya wakubwa akasema, hawa nnawajua. Basi. Hakutujua hata kidogo."

Namshukuru bibi huyo, hayupo leo, magoti yanamsumbua. Namshukuru binti yake, ambaye simu yangu hajawahi hata kuigusa. Nawashukuru wale wasichana wa Hail walionificha huku wakijua Mombasa ni uongo.

Sikuja kuwaambia mwamini kila mtu. Aliyenileta alikuwa na maneno matamu kuliko bibi. Nimejifunza hivi: anayekusaidia kweli hachukii ukimuuliza, na hakunyimi njia ya kutoka.

Najua humu ndani yupo anayenitazama sasa hivi kama nilivyomtazama yule bibi, anajiuliza huyu kapewa nini asimulie haya. Sikulaumu, dada. Niulize lolote. Mlango ule pale, uko wazi. Kaa karibu nao ukitaka, lakini kaa.