Vyumba Viwili vya Nyuma

Benchi la muuza kahawa limeegemea ukuta wa karakana ya baiskeli, na wateja wake wa kila siku ni watatu. Yupo Breki, mwenye karakana, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Yupo Profesa, aliyefagia chuo kikuu miaka ishirini akatoka na maneno yao yote. Na yupo Timazi, mwashi, aliyepewa jina la ule uzi wa kunyooshea kuta, aliyejenga nusu ya kuta za mtaa ule na asiyeweza kukaa chumba chenye picha iliyotundikwa upande. Ijumaa hiyo asubuhi kahawa ya Timazi ilipoa bila kuguswa. Nyumba yake, ng'ambo tu ya barabara, ilikuwa imebandikwa karatasi mlangoni: itapigwa mnada Jumatatu, na anayetaka kununua aje kuikagua mapema. Aliiweka rehani ili mkewe apasuliwe nyonga. Mke akapona, akarudi kutembea kwa mkongojo. Magoti ya mwashi ndiyo yakagoma, kazi ikakatika, na marejesho ya miezi mitano yakalala. Wakopeshaji walisema yakilipwa hayo yaliyolala kabla ya Jumatatu, mnada unafutwa. Yatoke wapi, hilo hawakusema.

– Mimi nimeliwaza hili tangu jana, alisema Breki. Mnunuzi akija, lazima apite hapa. Hapa hapa ndipo tunamkamata.

– Tumkamate tumfanye nini? aliuliza muuza kahawa.

– Tunaisema nyumba vibaya mpaka anageuza njia.

– Sasa huo si uongo?

– Huo ni mkakati, alisema Profesa. Uongo ni ule usio na mpango.

Timazi alizungusha kikombe mkononi. Hakulipenda jambo lile hata kidogo. Lakini alipowatazama, watu wazima watatu walioacha shughuli zao ili wampiganie kwa silaha pekee waliyokuwa nayo, yaani mdomo, alishindwa kuwakatalia.

– Haya, alisema. Ila msitie chumvi nyingi.

Kumwambia Breki asitie chumvi nyingi ni kujichosha bure. Haikupita nusu saa akatokea mwanamke kijana, mwavuli mkononi, viatu vimejaa vumbi la kutafuta.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, mwanangu.

– Samahani, naulizia nyumba ya mzee mwashi. Nimeambiwa ni mtaa huu.

Breki akamkanyaga Profesa mguu.

– Ndiyo ile pale, alisema Breki kwa sauti ya msibani. Pole sana.

– Pole ya nini tena?

– Inavuja. Mvua ikinyesha, wenyewe wanatoka nje kupata nafuu.

Mwanamke aliliangalia paa kwa wasiwasi wa kweli.

– Inavuja hivyo? Mama yangu ana kifua, unyevu hauwezi kabisa.

– Kifua? alidakia muuza kahawa, yule yule aliyekuwa anauliza habari za uongo. Basi hapamfai. Na yule chatu je?

– Chatu?

– Anakaa darini. Hana ubaya na mtu, ila anakoroma.

Timazi alifumba macho, akammeza chatu huyo kimya kimya.

– Chatu ana afadhali, alisema Breki. Mwambie habari za kile kiti. Kuna kiti sebuleni, dada yangu, ikifika saa saba mchana kinakwenda chenyewe jikoni kuangalia kumepikwa nini.

– Kiti kinakwenda?

– Na kinarudi kimenuna.

Mwanamke alibana midomo asicheke. Timazi akakivumilia na kiti. Angevumilia mengi siku hiyo, maana alikuwa anamwona mkewe akifungasha vyombo Jumatatu, na mkongojo wake. Ndipo Profesa akasafisha koo.

– Hayo ni maneno ya mitaani. Tuzungumze kitaalamu. Nyumba ile inahama. Msingi wake ni mfupi, ardhi inateleza, kila mwaka inasogea hatua mbili kuelekea bondeni. Ndiyo maana kuta zote zimepinda.

– Zimepinda?

Aliyeuliza ni Timazi. Alikuwa amesimama, kahawa imemmwagikia suruali na wala hana habari.

– Kaa chini, mzee mwenzangu, alinong'ona Breki. Si ule mpango wetu?

– Mpango gani! Zimepinda wapi? Profesa, chukua uzi sasa hivi, nenda ukapime pembe yoyote unayoitaka! Msingi ule nimeuchimba mimi, ukisimama ndani unakufika kifuani. Mke wangu alinibebea maji ya zege akiwa na mimba ya miezi saba, namkataza, ananicheka. Mmesema chatu, nimenyamaza. Mmesema kiti, nimenyamaza. Lakini kuta!

Akamgeukia mwanamke.

– Mwanangu, hawa wanakudanganya. Wananipenda, ndiyo sababu. Nyumba ni yangu mimi. Haivuji, haihami, haina chatu. Atakayeinunua, kapata nyumba.

Alipomaliza ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amemfanyia dalali kazi yake. Akakaa taratibu. Breki alichokonoa grisi kwenye kucha. Profesa alivua miwani akaifuta, japo ilikuwa safi.

– Lakini mimi sinunui nyumba, alisema mwanamke. Pesa ya nyumba nitaitoa wapi? Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa hapo kituo cha afya mwezi huu. Natafuta vyumba vya kupanga, mimi na mama yangu.

– Na nani kakwambia hapa kuna vyumba? aliuliza muuza kahawa.

– Kuna mama mmoja anakuja kituoni kwetu kufanya mazoezi ya nyonga. Aliniambia nisimuulizie yeye, nimuulizie mzee, nimpe swali moja tu.

– Swali gani?

– Kwenye vile vyumba vya nyuma analala nani?

Breki, ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa na jibu la kila kitu, alitazama barabarani. Wote walivijua vyumba vile. Vilikuwa vya watoto wawili wa Timazi. Mkubwa aliondoka, huu ni mwaka wa tisa sasa, ana mke na watoto huko aliko. Mdogo hupiga simu akikumbuka. Vitanda vyao bado vimetandikwa. Mara tatu mkewe alimwambia wavipangishe, akampigia na hesabu: kodi ya miezi sita kwa mkupuo ingeuzima mnada. Mara tatu alikataa. Watoto wakirudi walale wapi? Hakuwa anawaogopa wapangaji. Aliogopa kuyakunja yale mashuka, maana siku atakayoyakunja atakuwa amekubali kwamba watoto wake watakuja kusalimia tu, na kuondoka.

– Hakuna mtu, alisema mwishowe, na sauti ilitoka ndogo. Hakuna anayelala humo, mwanangu.

– Na kweli havivuji?

– Twende ukaone.

Breki alileta ngazi ya karakana akapanda paani kumwaga maji. Profesa akawa wa kupokeza ndoo. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu alfajiri, kwa hiyo muuza kahawa alitoa yake yote, hata yale ya birika la pili, akatangaza kwamba leo hakuna kahawa tena. Ndani, Timazi na muuguzi walisimama kati ya vitanda viwili, nyuso juu. Mkewe alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Maji yalianguka juu ya mabati kwa kishindo.

– Inavuja? alipiga kelele Breki.

– Mwaga tena! alijibu Timazi.

Akamwaga tena, na mara ya tatu. Dari ilibaki kavu. Muuguzi alipitisha kiganja ukutani, kutoka pembe mpaka pembe, akatabasamu.

– Mama atapapenda, alisema. Hela ya uhamisho ninayo bado. Mnachukua kodi ya miezi mingapi?

Timazi aliinama kwenye kitanda cha mkubwa, akavuta shuka, akaanza kulikunja polepole, ncha kwa ncha, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Juu ya paa Breki alikuwa bado anauliza kama inavuja au haivuji. Mke wa Timazi aliegemeza mkongojo ukutani, akaingia, akaishika ncha ya pili ya shuka.

– Sita, mwanangu, alisema mke. Tunachukua ya miezi sita.