Shamba Lililoingia Hifadhini na Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini na wa vijiji, ndugu wageni waalikwa, wakulima na wafugaji wenzangu, wahifadhi ambao leo mmekumbuka kupiga pasi sare zenu, na wewe Mama uliyekataa kiti cha mbele ukakaa na majirani zako: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mhifadhi mkuu wa eneo hili tunalolizindua. Pia ni binti wa mwenye lile shamba la mahindi lililo nyuma yenu, na niwaambie kweli, kazi ya kwanza ni nyepesi kuliko ya pili.

Mnajua hali yetu. Huku kuna kinamasi, kule kuna msitu, na katikati, pale pale wanyama wanapopita, kuna shamba la Mama. Nilikwenda jikoni kwake na sare yangu na ramani yangu kumwomba aliingize hifadhini. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu," akasema, "hifadhi ni kufukuzwa kwa adabu." Je, alikosea? Nani hapa hajasikia habari za mtu aliyelala mkulima akaamka mvamizi?

Na sisi wataalamu tulizidi kumpa sababu. Mwaka wa kwanza wa majaribio tulikizungushia kinamasi uzio wa seng'enge, tukawatoa ng'ombe wote ili korongo watage kwa raha. Tukapongezana! Nyasi zikaota zikatufika kifuani, na korongo, ambao hutaka nyasi fupi wapate kumwona adui akija, wakahama wote. Tukabaki tunalinda nyasi. Aliyetuokoa ni ng'ombe mmoja mkorofi, tuliyemwita Bibi Harusi kwa maringo yake, aliyeangusha uzio akaingia na wenzake. Tulimfukuza, akarudi, tulimfukuza tena, akarudi. Msimu uliofuata korongo wakaja kutaga hapo hapo alipokuwa akila. Penye wazee haliharibiki neno, ndugu zangu, ila sikujua kama ng'ombe nao wamo.

Tukang'oa uzio. Tukakubaliana upya: mkulima atalima, mfugaji atachunga kwa zamu, na ardhi hii haitakatwa viwanja kamwe. Nikarudi jikoni. Mama akasema, "Mimi si swala. Nikiingia, naingia na jembe langu."

Hata hivyo hakutia sahihi, maana alikuwa amekuja mnunuzi wa viwanja, gari linang'aa, maneno asali. Niliogopa, nakiri, lakini shamba ni lake na mtoto hamwamrishi mzazi. Nikawamiminia chai. Yule bwana akasema kwa furaha, "Mama, ukija hapa baada ya miaka mitano, hutapatambua!"

Mama akaweka kikombe chini. "Basi nenda na gari lako, baba. Mimi nataka wajukuu zangu wapatambue."

Asubuhi ya leo ametia sahihi. Nimesomea uhifadhi, nimepewa vyeti na nishani, lakini sijawahi kujivuna kama ninavyojivuna sasa, kusimama mbele yenu nikiwa mtoto wa mama huyu. Wakulima na wafugaji mliovumilia makosa yetu, nawashukuru kwa moyo wote. Wageni wetu, asanteni sana kwa kunitegea sikio.

Na wewe Mama, nakuahidi mbele ya watu wote hawa: watapatambua.