Mtu wa Ndani ya Friji

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni kwa kunipisha mbele. Nianze na uvumi. Hapa Xiaobei, mtaa wetu huu wa Guangzhou, China, ilisemekana kuna fundi alifungiwa siku tatu ndani ya friji kubwa ya samaki, kavaa jaketi la kiwanda ninakonunua mzigo, akatoka anavuja jasho, anaomba feni. Niliamini. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, cheti ninacho! Nikawauzia wengi wenu majaketi hayo kwa hadithi hiyo, na kila nikiisimulia namwongezea fundi siku. Alifika wiki mbili.

Basi mwenye duka mmoja wa Patagonia, kusini kabisa mwa Chile, akaniambia nipeleke sampuli tuzijaribu kwao. Nawaambieni, kule ndiko dunia inakoishia. Bahari imejipenyeza kati ya milima kama vichochoro, unapita kutwa nzima huoni nyumba, na mwisho wa kichochoro umesimama ukuta wa barafu, bluu, mrefu kuliko maghorofa yote ya Guangzhou yakibebana. Haya, punguzeni kidogo.

Mwenye duka akanitafutia mzee mmoja na mkewe, wenye mashua ya injini. Tulizungumza kwa simu inayotafsiri. Nikampa mzee jaketi, nikamwambia lake la sufu aliache bandarini.

"Una hakika?"

"Mzee wangu, leo utaomba feni!"

Hapa ndipo ninapoona haya, ndugu zangu. Siku mbili kabla, mimi mwenyewe nilitetemeka ndani ya jaketi lile lile. Nikanunua sweta tatu, nikazivaa chini yake, nikanyamaza.

Mvua ya kule haidondoki, inakuja ubavuni. Jaketi likainywa yote. Tulipofika mbele ya barafu, mzee vidole vimegoma, maneno yanamtoka vipande vipande. Mkewe akanisukumia usukani, akamvua lile jaketi kwa nguvu, mshono ukaachia. Ndani, sponji la godoro lililokatwakatwa, limelowa chapachapa! Akamfunika blanketi. Kisha akaja kwangu, akashusha zipu yangu, akazihesabu sweta kwa kidole. Simu ikatafsiri kwa sauti ya upole kama ya mtangazaji:

"Wewe una tatu. Yeye umemvua lake."

Nilivua mbili, tukamvisha. Saa nzima ya kurudi sikujua kama tunarudi na mzee au na maiti. Alipona, alhamdulillahi. Jioni mama yule akanipa supu. Ile supu ilinichoma kuliko matusi.

Namshukuru mama yule. Nawashukuru na nyinyi mlionirudishia majaketi kimya kimya, na wawili mlionitukana pia, mlikuwa na haki. Mzigo uliokuwa uende bandari ya Nansha niliuzuia. Mwenye jaketi langu bado, hasa anayekwenda kwenye theluji, namwomba alilete leo hii. Nilichojifunza ni hiki: ukiihisi baridi wewe kwanza, sema wewe kwanza.

Nikaenda hadi kiwandani kumtafuta yule fundi, nimwone kwa macho. Dada anayeshona zipu akacheka mpaka akashikilia cherehani.

"Kaka, ndani ya friji hakuingia mtu. Tulilitundika jaketi kwenye hanga, bosi akapiga picha."