Athanas Bujiku na Sekunde Zilizokataliwa Ubaoni

Baada ya miaka thelathini na miwili na siku kumi na tisa ya utumishi, Bwana Athanas Bujiku, Mpimaji Mkuu wa chumba cha mizani katika maabara yetu ya vipimo vya dhahabu hapa Kahama, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026. Hizo siku kumi na tisa mimi sikutaka kuziandika. Mwenyewe ndiye aliyeagiza ziwemo, na akaagiza pia kwamba Zuhura wa mapokezi azihesabu upya kwenye kalenda yake, peke yake, bila kuiona hesabu yangu. Zimehesabiwa. Ni kumi na tisa. Mkiona mwandishi wa wasifu huu anaanza akiwa tayari amechoka, sababu ndiyo hiyo.

Bwana Athanas alizaliwa Nyarugusu mwaka 1966, katika nyumba ya wafugaji iliyozungukwa na mashimo ya wachimbaji. Alijiunga nasi tarehe 12 Julai 1994, maabara ikiwa vyumba viwili na tanuru moja, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuponda mawe ya wateja kwa nyundo. Miaka mitatu baadaye alihamishiwa kwenye tanuru. Mwaka 2001 akaingia chumba cha mizani, na humo hajatoka hadi leo ila kwa kula, kulala na kupiga makasia, jambo ambalo nitalifikia nikishapata nguvu.

Kwa wageni wetu wa leo: mteja analeta jiwe, jiwe linasagwa, linachomwa, na mwishoni kinabaki kitone cha dhahabu ambacho mara nyingine ni kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kitone hicho ndicho kinachomwambia mchimbaji aendelee na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, au arudi shambani. Kwa hiyo hupimwa na watu wawili, na uzito uliosomwa na mtu mmoja hauhesabiki kuwa uzito. Kanuni hiyo ni nzuri na hakuna anayeibishia. Tatizo la Bwana Athanas ni kwamba aliibeba akaenda nayo nyumbani.

Kwenye sendofu ya binti yake Lusia, pilau halikupakuliwa mpaka wapishi wawili walionje, kila mmoja kivyake, bila kutazamana usoni. Tulikaa na sahani tupu mpaka bendi ikaishiwa nyimbo. Mama Lusia alituomba radhi, akasema tusishangae, kwa sababu katika nyumba ile hata homa ya mtoto haikuwa homa mpaka mikono ya watu wawili iguse paji la uso.

Lakini nisiwe mchoyo. Mwaka 2011 alikuja mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu, aliyekuwa ameacha shamba na kuzama kwenye uchimbaji na familia nzima nyuma yake. Ilikuwa saa ya swala ya Ijumaa na mpimaji wa pili, yaani mimi, Salmini, nilikuwa msikitini. Yule bwana aliomba, akabembeleza, akatukana, akamwita Bwana Athanas mzee mwenye roho mbaya. Bwana Athanas akamletea chai na kiti. Niliporudi tulipima, na kwenye mizani hapakuwa na kitu cha kumlisha hata kuku. Mtu mzima alilia pale mapokezi. Siku nyingine alipopita kutusalimia, alituambia kwamba angeambiwa na mtu mmoja asingesadiki, angekwenda kuchimba tena. Kwa kuwa waliomwambia walikuwa wawili, alirudi kwenye tumbaku yake. Mpaka sasa kila msimu anatuma salamu. Anamtumia Bwana Athanas, si mimi.

Sasa makasia. Mwaka 2021 kampuni moja iliyokuwa inafunga ofisi zake ilipiga mnada, na bosi wetu akanunua viti vya ofisini. Viti vilipofika, vilikuja na mashine mbili ndefu ambazo hakuna aliyezijua ila Noela, mkemia wetu, aliyewahi kuziona kwenye televisheni. Unakaa kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, unafunga miguu kwa mikanda, unavuta mpini wenye mnyororo, feni inavuma mbele yako, na kioo kidogo kinakuambia umekwenda mita ngapi. Ukishuka, uko palepale ulipopandia. Tuliziweka kwenye stoo ya zamani ya sampuli, na kikundi kikazaliwa: Noela, Zuhura, Bwana Athanas na mimi. Tulijiita Wapiga Makasia wa Nchi Kavu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika kasia la kweli. Bwana Athanas ndiye mbaya zaidi, kwa sababu anaogopa maji. Kila alipotoka kwao Geita kwenda Mwanza alivuka Busisi ndani ya kivuko akiwa amefumba macho, na daraja lilipofunguliwa alishukuru kuliko wenye malori. Mtu huyohuyo, mpandishe kwenye mashine stoo, atavuta mpaka shati limgande mgongoni.

Kila mmoja alikuwa na lengo lake, limeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa stoo. Zuhura, aliyekuwa ametoka likizo ya uzazi wa tatu, alitaka mita mia tano bila kupumzika. Noela alitaka mita elfu kumi bila kushuka. Mimi nilitaka mita elfu mbili chini ya dakika nane. Bwana Athanas alitaka mita hizohizo elfu mbili chini ya dakika tisa, kabla ya siku ya kustaafu. Alisema mwili wake umekaa mbele ya mizani kwa miaka ishirini, anataka ujue kwamba bado ni mwili. Sijamsikia akilitaka jambo lake mwenyewe kwa namna ile, si kabla wala baada.

Na alikuwa mwenzetu mzuri mno, jambo linalonizidishia hasira. Zuhura alipokuwa anakata tamaa kwenye mita mia tatu, yeye ndiye aliyekaa kwenye mashine ya pembeni kila mchana akimhesabia mivuto kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, mpaka Zuhura akacheka na kusahau maumivu. Leo Zuhura anavuta mita elfu tano huku akilalamikia wateja. Mikanda ya miguu ilipokatika, ni Bwana Athanas aliyeishona kwa uzi wa viatu. Mgongo wangu ulipokaza, alinipeleka nyumbani, akamwambia mke wangu nisiinue kitu, na sikuinua kitu wiki mbili.

Kisha akatuletea kanuni yake. Muda wa mtu hauandikwi ubaoni mpaka wenzake wawili wauone kwenye kioo. Na aliyevuta hajihesabu. Simu, kama mnavyojua, zote zinaachwa getini, kwa hiyo picha hakuna. Mashine zetu ni kuukuu, hazina kumbukumbu. Ukiacha kuvuta, baada ya dakika chache kioo kinazima na muda wako unakwenda na maji ambayo Bwana Athanas anayaogopa.

Jumanne moja ya Machi 2024 nilivuta mita elfu mbili kwa dakika saba na sekunde hamsini na nane. Stoo tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Aliona. Alisimama mbele ya kioo, akainama, akasoma kwa sauti. Nilikimbia mpaka mapokezi kumwita Zuhura, nikamkuta na mteja mwenye gunia la mawe, nikamvuta mkono, mteja akapiga kelele, na tulipofika stoo kioo kilikuwa cheusi. Nilimsihi Bwana Athanas kama mtoto. Nilimkumbusha kwamba ameona kwa macho yake mawili.

“Macho yako ni mawili, ngosha,” aliniambia, “ila ni ya mtu mmoja. Na haya yangu ndiyo hivyohivyo.”

Muda ule haujaandikwa mpaka leo, nami sijaufikia tena. Nilimnunia miezi miwili tukiwa tunapima pamoja, mezani pamoja, kila siku. Hakuona kwamba nimenuna. Au aliona, akasubiri mtu wa pili aone.

Yeye mwenyewe kwa miaka minne alizungukazunguka penye dakika tisa bila kuingia. Tisa na sekunde nne. Tisa na saba. Tisa na mbili. Mwaka huu ilipofika Julai tukaanza kuwa na wasiwasi kuliko yeye. Noela akampangia namna ya kupumua. Zuhura akamkataza chapati.

Alhamisi ya tarehe 23, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda stoo kuchukua taulo. Mlango wa nyavu ulikuwa umerudishwa. Ndani Bwana Athanas alikuwa peke yake, ananipa mgongo, anavuta. Nilisimama nje nisimkatize. Kupitia nyavu nilikiona kioo juu ya bega lake, mita mia mbili, mia, hamsini, na kichwa chake kinapiga mbele na nyuma kama cha mtu anayekataa jambo. Akamaliza. Dakika nane, sekunde hamsini na saba, nukta nne.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuita watu, wangefika. Sikufanya hivyo, na nitasema sababu hapa mbele ya familia yake: nilitaka aonje. Nilitaka akae mbele ya ile kanuni yake kama nilivyokaa mimi. Alikaa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatulia na mikono magotini mpaka kioo kikazima. Akakipangusa kiti kwa kitambaa, kama tunavyotakiwa, akatoka kwa mlango wa uani kwenda kunawa. Saa nane kamili alikuwa kwenye mizani. Hakumwambia mtu.

Furaha yangu haikufika jioni. Nilimfuata, nikamwambia Baba Lusia, nimeona, nilikuwa mlangoni. Uso wake uling'aa, naapa. Halafu akaniuliza nilikuwa na nani. Nikasema peke yangu. Akanishukuru kwa wabeja mara mbili, akasema basi haikuwa, atajaribu tena.

Na alijaribu. Siku nne, sote watatu tumemzunguka kama wakunga. Tisa na tatu. Tisa na sita, sote tukimpigia makofi yasiyosaidia. Tisa na tano. Juzi Jumatano, mara ya mwisho, tisa na moja. Alishuka taratibu, akachukua chaki, akaandika mwenyewe tisa na moja, akasema muda ni muda. Zuhura alitoka nje. Mimi nilikuwa na hasira ya kumrushia mtu kiatu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Jana jioni nilimpa Noela wasifu huu aupitie, kwa sababu hapa hata barua ya likizo hupitiwa na wawili. Aliposoma mpaka tarehe 23 aliiweka karatasi chini. Kisha akasema kwamba mchana ule alikuwa stoo ya kemikali, kwenye lile dirisha dogo linalotazama mashine zetu, nyuma ya kabati linalomficha mtu asionekane kutoka mlangoni. Aliona kioo. Alinyamaza, kwa sababu mita zake elfu kumi za mwaka jana zilishuhudiwa na Zuhura peke yake, na Bwana Athanas alizikataa. Naye alitaka aonje.

Sikujua nicheke au nimkaripie, kwa hiyo nilifanya yote mawili. Nilitaka kumtajia muda nilioukumbuka. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Tukamwita Zuhura, tukafanya kama inavyofanyika chumba cha mizani: kila mmoja na kikaratasi chake, kila mmoja kamgeuzia mwenzake mgongo, hakuna kusema mpaka vyote viwili viwe mezani. Wasifu niliuficha, muda usionekane; Noela alisema hakuwa amefika penye tarakimu, mimi nikamwamini, Zuhura hakumwamini, akamwapisha. Akafungua changu. Akafungua cha Noela. 8:57.4 na 8:57.4. Zuhura alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini.

Bwana Athanas anaondoka akiwa amefundisha wapimaji kumi na mmoja, na katika miaka yake yote chumbani hatujawahi kurudisha pesa ya mteja hata mmoja kwa kipimo kilichokosewa. Uongozi unamshukuru. Kikundi kinamshukuru. Mimi ninamshukuru na ninamwomba radhi kwa wiki moja ya mwisho ambayo angeweza kuupumzisha mgongo wake. Kuanzia Jumatatu nitapima na kijana msomi, mwepesi, ambaye hatanisumbua kwa lolote, na tayari nimeshamchukia kidogo kwa hilo.

Baba Lusia, tunakutakia wewe na Mama Lusia afya, ng'ombe wanaozaa, na mchana mrefu usio na tanuru. Mashine moja bosi amekubali uende nayo Nyarugusu. Mtafute jirani wa kukutazamia kioo, na jirani wa pili. Ubao wa stoo uko nyuma ya kiti chako, umefunikwa kwa kitenge. Tumeuandika kabla ya karatasi hii kwenda kuchapwa: Athanas Bujiku, mita elfu mbili, 8:57.4. Chini yake kuna sahihi ya Noela na sahihi yangu. Simama, ufunue, usome. Ukitaka kubisha, safari hii utabishana na watu wawili.