Clifford Ormerod, Mlinzi wa "Alisema" (1940–2019)

Marehemu baba yetu, Clifford Ormerod, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1940 mjini Nelson, Lancashire, mtoto pekee wa Harold na Nellie Ormerod, wafumaji wote wawili. Alisoma hadi 1956. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu anauliza maswali mno, na Bibi Nellie akaitundika jikoni kwa fahari.

Mwaka 1957 aliajiriwa na gazeti la jioni la mji wetu, kwanza kuchemsha chai, kisha kuandika habari. Huko alifanya kosa ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe leo. Februari 1964, mashine ya kiwandani ilimkata vidole mfumaji mmoja. Baba alimhoji Beryl Pickup, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa zamu moja na majeruhi. Beryl alisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu na mashine ile. Baba, akitaka habari inoge, aliandika kwamba "alikiri". Kesho yake kiwanda kizima kilimnunia Beryl, na kanisani hakuna aliyekaa benchi lake.

Baba alipojua, alikwenda kwao. Mama yake Beryl alimzuia mlangoni, mvua ikimnyeshea.

"Ndiwe wa gazetini?"

"Ndimi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya mlangoni ataisoma nani? Kaiandike kule kule ulikotuandika."

Mhariri alikataa. Kwa wiki tatu Baba alimwendea kila asubuhi, na kila jioni alipita kwa kina Pickup kuwaambia kwamba bado. Hatimaye masahihisho yalitoka, mistari minne. Lakini Baba alikuwa amezoea kupita, naye aliendelea. Yeye na Beryl walifunga ndoa Jumamosi, 24 Julai 1965. Mama husema alimkubali ili apate kumchunga kwa karibu.

Baadaye Baba alihamia meza ya wahariri, akabaki hapo hadi alipostaafu 2001. Alikata magazeti na kujaza masanduku ya viatu kwa mifano ya neno moja tu la Kiingereza, lile la kawaida kabisa la "alisema". Polisi walisema, barua ilisema, saa ya ukutani ilisema saa tatu, jirani asiyetaka kutajwa alisema. "Inasemekana" ilikuwa na sanduku lake, na juu yake aliandika: na nani? Mwandishi mmoja, Derek, hunisimulia mpaka leo walivyokuwa wakivutana.

"Diwani 'alifoka', Derek? Ulimsikia akifoka?"

"Mzee Cliff, jamaa alikuwa mwekundu kama bitiruti."

"Basi andika alichokisema. Wasomaji si wajinga, hasira wataiona wenyewe."

Nyumbani hatukupona. Ukimshtaki ndugu yako, ulitakiwa kwanza kurudia maneno yake yalivyotoka.

Tarehe 3 Januari 2019 Baba alipata kiharusi. Maneno yakawa yanakuja na kupotea. Siku moja aliomba chai vizuri kabisa, kisha akakaa wiki nzima kimya. Mama alikaa kando ya kitanda akingoja zamu ya maneno kurudi. Nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea mgonjwa.

Jumanne, 12 Machi, saa tisa alasiri, Mama alitoka kwenda kunywa supu. Baba alivuta pumzi mbili ndefu, akatulia. Mama aliporudi aliniangalia usoni, akajua.

"Alisema nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Jina lake tu, ningesema. Nani angeumia?

"Hakusema kitu, Mama."

Alikaa, akamfunga Baba kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

"Afadhali, Janet. Ungeniambia ameniita, ningejua unanidanganya. Halafu ningeanza kuyatilia shaka na yale aliyoniambia mwenyewe."

Marehemu ameacha mjane, Beryl, watoto wawili, mimi Janet na ndugu yangu Alan, wajukuu watatu, na kitukuu mmoja, Elsie, ambaye bado hajaanza kusema.

Lala kwa amani, Baba. Hatutakusemea usilolisema.